Fundo Jeusi kwenye Kamba

Mtaa mzima wa pwani ulimwita Bi Vijiti, na yeye mwenyewe alishaacha kukasirika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kwingine kote, kuanzia kwa muuza mkaa hadi kwa watoto wa shule, alikuwa Bi Vijiti kwa sababu ya zile fimbo mbili nyembamba, sawasawa kwa urefu, alizobeba begani kila bahari ilipojaa kupita kiasi na kurudi zake. Watoto walimwuliza kama anakwenda kuichapa bahari. Akiwa na nguvu aliwajibu kwamba anakwenda kuitandika hadi iombe radhi. Miaka ya karibuni hakuwa na nguvu, akawa anawapungia mkono tu na kupita.

Alikuwa mfanyakazi wa manispaa, idara ya mazingira, chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye feni isiyozunguka. Kazi yenyewe ukiielezea mbele za watu wanadhani unatania. Kila baada ya bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, alitembea ufuko wote kutoka mwanzo hadi mwisho kuangalia bahari imefanya nini. Alitazama takataka zimeachwa wapi, maana hapo ndipo maji yalipofika. Alitazama mchanga ni laini au umebaki kokoto tupu. Kisha alizisimamisha fimbo zake, moja juu na moja chini, akafumba jicho moja, akalinganisha ncha ya fimbo ya chini na ule mstari ambapo bahari hukutana na mbingu, akasoma alama kwenye fimbo ya juu. Kwa njia hiyo alijua mchanga umeshuka kiasi gani tangu alipokuja mara ya mwisho. Mchanga ulikuwa haupandi siku hizi, ulishuka tu.

Hayo yalikuwa mambo ya ofisi, na mtaani hayakumkosesha mtu usingizi. Kilichowakosesha usingizi kilikuwa kamba.

Kwenye ukuta wa nyuma wa kila nyumba iliyopakana na ufuko kulikuwa na alama ya rangi nyekundu. Kamba ilishikwa hapo, ikavutwa kuelekea baharini hadi kwenye ukingo, pale ardhi inapokatika na kuangukia mchangani. Katika kamba hiyo kulikuwa na fundo moja jeusi. Fundo likilala juu ya ardhi, nyumba ilikuwa salama hadi bamvua lijalo. Fundo likipita ukingo na kuning'inia hewani, wenye nyumba walipaswa kuhama, tena upesi, kwa sababu ukuta ungefuata mchanga. Hapakuwa na rufaa. Mtu mzima na akili zake alisimama mlangoni akiangalia fundo la kamba kama anayesubiri majibu ya hospitali, na aliyeshika kamba alikuwa Bi Vijiti.

Nyumba ya mwisho kabisa katika safu ile ilikuwa ya dada yake.

Dada huyu alimzidi kwa umri mwingi, na mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka shule na kumchapa alipotoroka. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mdogo wangu, hata sasa mdogo huyo alipokuwa na mvi kichwani na magoti yanayolia kila akiinama. Nyumba ilijengwa na marehemu shemeji, fundi mwashi, tofali kwa tofali, vyumba viwili na jiko, na kizingiti cha saruji ambacho alikisugua hadi kikang'aa. Dada alikuwa akisema mume wake hakumwachia watoto, alimwachia kizingiti.

Sasa umri wa kustaafu Bi Vijiti alishaufikia na kuupita. Mhandisi, bosi wake, mwanamke kijana mwenye heshima zake, alishamwambia zaidi ya mara moja, "Mama, pumzika. Umefanya ya kutosha. Tutapata mtu." Yeye akaomba aongezewe muda, akaongezewa, ukaisha, akaomba tena. Ofisini walidhani anaipenda kazi. Wengine walinong'ona kwamba anaogopa kukaa nyumbani peke yake. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kazi ilimchosha hadi kwenye mifupa, jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto na kulala bila kula. Alichoogopa ni huyo mtu watakayempata. Alimwona kabisa akilini, kijana mwenye viatu vizito, anagonga mlango wa dada kwa ngumi, anavuta kamba, anasema, "Bibi, toa vyombo," anapita kwenda zake. Kama habari ile ilikuwa lazima ifike, Bi Vijiti alitaka iletwe na mtu aliyebebwa kwenye mgongo ule. Basi akajikaza, mwaka baada ya mwaka, akizunguka na vijiti vyake.

Na habari ile haikuja. Hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Nyumba ya jirani, ya fundi cherehani, fundo lake lilining'inia mwaka uliopita na mama wa watu akahamia kwa mwanawe ndani ya mji. Ukuta wa nyuma ulianguka wiki chache baadaye. Lakini hatua chache tu kutoka hapo, kwa dada, fundo lililala juu ya ardhi kila mara, kando ya vishungi vya nyasi ambavyo dada alivipanda kwenye ukingo. "Nyasi zako zimeshika vizuri," Bi Vijiti alimsifu, na dada akajibu, "Nazimwagilia." Kisha wakanywa chai. Watu walianza kusema, na fundi cherehani hakusemea pembeni. Alisema wazi kwamba kuna watu bahari inawabagua na wengine inawaheshimu, inategemea nani anashika kamba. Maneno hayo yalimchoma Bi Vijiti hadi ndani. Hakuwahi kupunja hata kidole kimoja. Alilala nayo, akaamka nayo, akayabeba pamoja na fimbo.

Ndipo likaja lile bamvua ambalo hata wazee wa mtaa walikosa la kulifananisha nalo. Upepo ulisukuma maji yakiwa tayari yamejaa, yakapanda alfajiri, yakaingia sokoni, yakabeba meza za watu. Kulipopambazuka Mhandisi alimpigia simu.

"Mama, samahani, najua hujapumzika. Barabara ya sokoni haipitiki. Unaweza kuanzia upande wa pili leo?"

"Nitaanzia kwa dada," Bi Vijiti akasema. "Nitarudi kwa nyuma."

"Ukifika nipigie. Naandika kutoka hapa."

Siku zote Bi Vijiti alianzia sokoni. Hadi afike nyumba ya mwisho jua lilikuwa limeshapanda, maji yameshakwenda mbali, na chai ya dada imeshachemka mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Hakuwa amewahi kufika pale asubuhi namna ile, na simu ya dada, kama kawaida yake, ilikuwa imezimwa ili isile chaji.

Alipita vichochoro vya ndani, fimbo begani, kamba shingoni, miguu inamuuma kabla hata kazi haijaanza. Alitokea ufukweni mahali pa nyumba ya fundi cherehani na akasimama.

Ufuko haukuwa ule. Mchanga mweupe uliokuwa ukijaa chini ya safu ya nyumba ulikuwa umezolewa wote, yamebaki mawe, na chini ya mawe udongo mweusi wa kunata ambao hakuwahi kuuona miaka yote ile. Bomba la maji ya zamani lilitokeza kutoka kwenye ukingo, limepinda. Mwani ulikuwa umerundikana hadi kwenye vibaraza, umechanganyika na chupa, ndala zisizo na pea na mlango mzima wa choo cha mtu. Mti uliokuwa mbele ya nyumba ya tatu ulilala kifudifudi, mizizi ikielekea juu. Na ule mteremko wa taratibu ambao watoto waliteleza nao ulikuwa umekatwa wima. Bi Vijiti alishuka kwa makalio, bila haya, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Alisimama chini akautazama ukingo uliomzidi kimo, na akahisi uchovu ambao usingizi hauwezi kuutoa.

Fundi cherehani alikuwa pale juu, kwenye mabaki ya nyumba yake, akichomoa bati kwenye kifusi.

"Umeamkaje, Bi Vijiti."

"Salama. Pole na haya."

"Haya nimeshayazoea," fundi akasema, akalivuta bati. "Nenda tu kwa dada yako. Kwake bahari huwa inapiga hodi kwanza."

Bi Vijiti alizunguka kifusi, akajishika kwenye bomba, akapanda. Ndipo alipomwona dada yake.

Dada alikuwa ameinama kwenye ukingo nyuma ya nyumba, kanga imefungwa kiunoni, miguu mitupu hadi magotini kwenye matope. Kando yake kulikuwa na karai la saruji la marehemu shemeji, limejaa mchanga. Alilimimina kwenye pengo lililotafunwa na maji, akapanga vipande vya tofali, akakanyagia kwa kisigino, akamwagia maji kutoka kwenye kopo, akakanyagia tena. Vishungi vya nyasi vilikuwa vimepangwa kwenye kivuli cha ukuta, mizizi imefungwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, vinasubiri zamu yao. Alifanya yote hayo bila haraka na bila kubahatisha, kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe. Haikuwa mara ya kwanza. Mtu hafanyi hivyo kwa mara ya kwanza.

Bi Vijiti alisimama na fimbo zake. Akakumbuka kila chai aliyokunywa kwenye kizingiti kile, miguu ameinyoosha, anasifu nyasi. Macho yale yaliyojua kusoma ufuko wote yalikuwa yakifika hapa yamechoka, yanataka chai, na hayakutazama. Aliona aibu, na nyuma ya aibu hasira.

"Dada."

Dada aliinuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Uso ulimshuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia, "Umekuja mapema."

"Barabara ya sokoni imejaa maji."

"Ungenipigia."

"Simu umeizima."

"Inakula chaji."

"Dada, tangu lini?"

Dada alilitazama karai. "Tangu ukingo wa fundi cherehani uanze kuliwa. Kila yakipita yale maji, wewe uko sokoni huko, mimi nachota."

"Kwa mgongo huo?"

"Mgongo ndio huu. Mwingine sikupewa."

"Watu wananiita mwizi," Bi Vijiti akasema. "Wanasema nakupendelea. Nimewabishia. Nimeapa mbele ya fundi cherehani, kwa jina la mama, kwamba hapa ardhi haijapungua. Na wewe umenitandikia mchanga kama mkeka."

"Najua."

"Ukuta ungekuangukia umelala."

"Najua hilo pia," dada akasema. "Silali chumba cha nyuma. Nalala jikoni."

Bi Vijiti alivua kamba shingoni. Hii ndiyo saa aliyoisubiri na kuiogopa, na ilimkuta hana hata maneno aliyoyaandaa. Alimpa dada mwisho wa kamba kama alivyompa kila mara, na dada, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, akaushika kwenye alama nyekundu ukutani. Bi Vijiti akaenda ukingoni. Kwa mguu akausukuma mchanga mbichi, nao ukaporomoka wote pamoja na tofali zake, bila kelele, ukaenda chini. Ukingo wa kweli ulikuwa karibu na ukuta kuliko alivyodhani. Akaivuta kamba hadi ikakaza.

Fundo jeusi lilipita ukingo, likaning'inia hewani. Halikupita kwa kidole wala kwa kiganja. Lilipita kwa urefu wa mtu aliyelala.

Walilitazama wote wawili. Fundi cherehani naye alilitazama kutoka kwenye kifusi chake, bati mkononi.

"Ulisema kweli," Bi Vijiti akamwambia kwa sauti ya kusikika. "Mimi ndiye niliyekosea. Nakuomba radhi."

Fundi alilaza bati chini. "Nilimwona na karai siku nyingi," akasema. "Nilikuwa nataka uone mwenyewe. Mimi ningesema ningepata nini? Nyumba yangu ingesimama?" Akafuta mikono kwenye gauni, akageuka kuendelea na kazi yake.

Bi Vijiti akatoa simu. Alibonyeza, akaiweka sikioni, akaiondoa kabla haijaita. Akabonyeza tena. Vidole vilikuwa na matope, na kioo hakikutaka kusikia. Miaka yote alijiambia kwamba afadhali iwe yeye. Sasa ilikuwa yeye, na aliona hakuna afadhali yoyote ndani yake.

"Lete hiyo simu," dada akasema.

"Hii ni kazi yangu."

"Lete, mdogo wangu."

Aliitoa. Dada akaifuta kwa ncha ya kanga, akabonyeza, akaishika mbele ya mdomo kama sahani, na Mhandisi alipopokea, akazungumza kwa sauti kubwa ya watu wasioamini simu.

"Mhandisi, salamu za mdogo wangu utazipokea baadaye. Mimi ni dada yake. Niko nyumba ya mwisho. Kamba imevutwa hapa, tumeiona watatu. Fundo liko nje. Ndiyo. Liko nje mbali. Andika. Na yale ya nyuma yote yaliyosema liko ndani, yafute, nilikuwa natia mchanga. Yeye hakujua. Hapana, mwanangu, hajui kudanganya, nilimlea mimi. Nahama leo. Haya, asante."

Akamrudishia simu. Kisha akaliendea karai, akalitikisa ukatoka mchanga uliobaki, akaligeuza juu chini na kulikalia. Bi Vijiti akakaa kwenye kizingiti. Mbele yao maji yalizidi kurudi nyuma, yakiacha mawe na udongo ule mweusi, na harufu nzito ya mwani uliofukuliwa.

"Kwa nini lakini, dada?" Bi Vijiti akauliza. Hasira ilikuwa imemwishia, hakuwa na pa kuishikia. "Kama ungeniambia unaogopa kuhama, ningekaa na wewe. Tungeongea."

"Nani amekwambia naogopa kuhama? Nyumba ni nyumba. Shemeji yako mwenyewe angeniambia toka hapo." Dada alikwangua matope kwenye mguu kwa kipande cha tofali. "Nilikuwa nakusubiri ustaafu."

"Nistaafu?"

"Walisema umri umefika. Nikasema, basi, nitachota mwaka mmoja, hadi aondoke, aje mtu mwingine asiyenijua, yeye ndiye anitoe. Nisije nikatolewa na wewe, ukaenda kulala na hilo moyoni, ukawa unaliamkia kila siku. Nakujua. Nikachota mwaka, ukaongeza muda. Nikachota mwingine, ukaongeza. Nikajiuliza huyu mtoto ana nini na hii bahari. Mgongo umekwisha, wewe bado unakuja tu na vijiti."

Bi Vijiti alimtazama dada yake, kisha akautazama ukingo, mahali ambapo mchanga wa miaka ile yote ulikuwa umeshakwenda. Alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, hadi machozi yakamtoka na akashindwa kujua ni kicheko au ni kitu kingine. Dada akamwangalia kwa jicho la pembeni.

"Unacheka nini?"

"Nilikuwa naongeza muda," Bi Vijiti akasema, "ili asije mtu mwingine akakutoa."

Dada aliacha kukwangua mguu. Kipande cha tofali kilimponyoka, wala hakukiokota.

"Wote wawili," akasema mwishowe.

"Wote wawili."

"Mama angetuchapa."

"Angeanza na wewe, mkubwa."

Dada aliweka mikono yake miwili juu ya mapaja, viganja juu, vimechubuka na mchanga umejaa kwenye mistari yake. Bi Vijiti hakuwahi kumsikia akisema neno hili, hata siku ya kumzika mume, hata alipokuwa msichana mwenye mtoto wa mama yake mgongoni na ndoo kichwani.

"Nimechoka, mdogo wangu," dada akasema.

"Nami nimechoka, dada."

Walikaa. Nyumba nyingine zote za safu ile zilikuwa zinasubiri kamba, na wenyewe walikuwa wameshaanza kutoka na kusimama nyuma ya kuta zao, wakitazama upande huu. Chumba cha Bi Vijiti kilikuwa na kitanda kimoja chembamba, na jioni wangelazimika kulala kichwa huku na miguu kule, kama zamani. Alitaka kusema hivyo, akaona itasemwa baadaye. Siku zote saa hii ya kukaa kizingitini ilikuwa na chai. Leo dada hakuwa amewasha hata moto, kwa kuwa mgeni alikuwa hajatarajiwa kabla ya jua kupanda.